Kiazi kwenye maji ya chumvi kimekakamaa badala ya kulegea. Wanafunzi wananidai jibu

#1 MwalimuZiwani
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha baiolojia kidato cha pili, shule ya kata huku Ilemela. Wiki hii tumefika kwenye osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Maabara yetu ina vifaa vichache, kwa hiyo nimetumia vya sokoni: viazi mviringo, chumvi, maji ya bomba na vikopo tulivyokata kutoka kwenye chupa za plastiki. Kila kikundi kimemenya kiazi na kukata vipande viwili vya sentimita 5, unene kama wa penseli. Kimoja maji matupu, kingine maji ya chumvi. Vimekaa kuanzia kipindi cha kwanza mpaka baada ya mapumziko.

Vikundi karibu vyote vimepata kama kitabu kinavyosema. Cha maji matupu kinakakamaa, ukikikunja kinakatika "kak!" Cha chumvi kinalegea mpaka ncha zake mbili zinagusana bila kukatika. Darasa lilipiga kelele kwa furaha, mimi mwenyewe nilifurahi.

Sasa kikundi cha mabinti wanaokaa dirishani vipande vyao vyote viwili vimekakamaa, na kile cha chumvi kimeongezeka urefu milimita 1. Wamekipima tena mbele yangu. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani maji yanaifuata chumvi au yanaikimbia?" Sitaki kuwaambia waandike jibu la kitabu wakati macho yao yameona kingine. Nimewaambia watunze namba zao, Alhamisi tunalijadili. Nyie mnadhani nini kimetokea?

#2 MdauNyegezi
Naweka kambi hapa. Mwalimu wa aina hii tungempata sisi zamani tusingekariri.

#3 FundiRula
Vikopo vimebadilishana, hakuna muujiza. La pili, rula. Watoto wengi wanaanza kupimia kwenye ukingo wa rula badala ya kwenye sifuri, na zile rula za plastiki ukingo na sifuri haviko pamoja. Milimita 1 kwenye 50 ni asilimia 2 tu, hiyo inaweza kutokana na jicho.

#4 MwalimuZiwani
@FundiRula vikopo viliandikwa kwa maka peni, M na C, na vipande havikuhama. Rula nakubali ni ya kutiliwa shaka. Lakini mkono nao unasema. Kipande kile nimekishika, kigumu kabisa. Kipande kilichopoteza maji hakiwezi kuwa kigumu hata ukikipima kwa rula mbovu.

#5 KemiaMtaani
Mwalimu, kabla hatujafika mbali: chumvi kiasi gani, maji kiasi gani?

#6 MwalimuZiwani
Sikuwapa kipimo, na nilifanya hivyo makusudi ili tupate tofauti za kuzungumzia. Vikundi vingi vimeweka vijiko viwili vya chai, vilivyojaa mpaka kilele, kwenye kikopo cha kama robo lita. Hawa wa dirishani wameweka kijiko kimoja kwenye chupa ya lita moja na nusu, wakatikisa, wakamimina. Ni chumvi ya mawe, ile ya kununua kwa kipimo.

#7 KemiaMtaani
Basi mimi naona hapo ndipo penyewe. Kijiko cha chai cha chumvi ni gramu 5 au 6. Kwenye lita 1.5 unapata kama gramu 4 kwa lita, yaani asilimia 0.4. Ndani ya seli za kiazi kuna sukari, chumvichumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka. Majaribio ya kiazi kwenye maji ya sukari huwa yanaonyesha kwamba kiazi hakivimbi wala hakisinyai pale sukari inapofika karibu moli 0.3 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), japo inapanda na kushuka kutegemea kiazi. Hiyo ni kama gramu 100 za sukari. Kwa chumvi ni kama gramu 9 tu, kwa sababu chembe ya chumvi ni nyepesi na ikiyeyuka inagawanyika mara mbili. Kwenye osmosisi kinachohesabiwa ni idadi ya chembe, uzito wake hauna kazi.

Kwa hiyo maji yao "ya chumvi" yalikuwa mepesi kuliko maji yaliyomo ndani ya kiazi. Maji yameingia kwenye kiazi kama kawaida. Mabinti wako wamepata jibu sahihi kuliko wote.

#8 NesiUsiku
Naunga mkono #7 kwa njia ya wodini. Dripu ya chumvi tunayowawekea wagonjwa ni asilimia 0.9, gramu 9 kwa lita, ili seli nyekundu za damu zisivimbe wala zisisinyae. Ukimwekea mtu maji matupu kwenye mshipa, seli zinavimba na kupasuka. Seli ya kiazi haipasuki kwa sababu ina ukuta mgumu kwa nje, ndiyo maana inakakamaa. Ila tusichukue namba ya damu tukaibandika kwenye kiazi moja kwa moja, hivi ni viumbe viwili tofauti.

#9 NgoshaMagu
Mwangaluka wote. Mimi ni mkulima, naona mmekimbilia chumvi mkasahau kiazi. Mwalimu, hicho kiazi cha mabinti kilitoka wapi? Kiazi kilichokaa ghalani hadi ganda likakunjamana kimeshapoteza maji mengi hewani. Kina kiu. Ukikitia kwenye maji yoyote yasiyo makali sana kitakunywa. Kiazi kilichotoka shambani juzi kimeshiba, hakina nafasi. Jaribio la chumvi lenye viazi tofauti ni majaribio mawili ndani ya moja.

#10 MwalimuZiwani
@NgoshaMagu umenishtua. Nimewauliza leo asubuhi. Vikundi vingine vimegawana viazi nilivyonunua mimi Kirumba. Wao walikuja na chao kutoka nyumbani, na wanasema kilikuwa "kimelala jikoni" muda. Na angalia hii: kwenye maji matupu vipande vya wengine vimeongezeka milimita 1 mpaka 2. Cha kwao kimeongezeka 3.

#11 NgoshaMagu
Sina la kuongeza. Kiu hiyo.

#12 KemiaMtaani
Taratibu Ngosha. Hiyo 3 inaonyesha kiazi chao kilikuwa kikavu, nakubali. Haionyeshi kwamba kingevimba pia kwenye maji makali ya vikundi vingine. Mambo yote mawili yanaweza kuwa yamechangia, na kwa data hii huwezi kuyatenganisha.

#13 FundiRula
Mimi nina la tatu. Chumvi ya mawe inachelewa kuyeyuka. Wamesema "wakatikisa, wakamimina". Kama mawe yalibaki chini ya chupa, kilichomiminwa juu kilikuwa na chumvi kidogo kuliko hata hizo gramu 4. Chupa ipo bado? Kuna mawe chini?

#14 MwalimuZiwani
Chupa imeshaoshwa na wa zamu. 😔

#15 MamaKayabo
Nimeupenda uzi huu, kazi yangu ndiyo hii kila siku hapa mwaloni. Tunapasua sangara, tunamfungua kama kitabu, tunampanga na chumvi ya mawe tabaka kwa tabaka. Hujamaliza kupanga, maji yameshaanza kutiririka chini ya meza. Baada ya hapo ndiyo anapelekwa juani, halafu anasafiri mpaka Kongo bila barafu. Mwalimu, walete watoto waone. Hakuna jaribio kubwa la osmosisi kuliko kayabo.

#16 KemiaMtaani
Mama shikamoo. Mfano ni mzuri ila nautilia shaka. Osmosisi inataka utando wa seli unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Samaki aliyekufa utando wake unaanza kuharibika, na ndiyo maana chumvi yenyewe inazama ndani ya nyama, siyo maji tu kutoka nje. Hapo kuna maji kutoka, kuna chumvi kuingia, na protini za nyama kubadilika. Mtoto akiandika "osmosisi" peke yake ameandika robo ya habari.

#17 MamaKayabo
Marahaba mwanangu. Lakini samaki tunayempiga chumvi saa hiyohiyo ametoka majini anatoa maji kuliko aliyelala. Hilo naliona kwa macho. Kama utando hauna kazi, tofauti hiyo inatoka wapi?

#18 KemiaMtaani
Swali gumu mama. Inawezekana aliyelala ameshavuja maji yake kabla ya chumvi kumgusa. Inawezekana pia tando za yule mbichi bado zinafanya kazi kwa muda. Siwezi kuapa.

#19 MwalimuMkongwe (Musoma)
Nimefundisha somo hili mpaka nikastaafu, naomba niseme mambo kidogo.

Hoja ya kijana wa #16 kuhusu utando inapimika kwa kiazi hichohicho. Chukua nusu mbili za kiazi, moja mbichi, moja iliyochemshwa. Zichimbe ziwe kama kikombe, menya ganda kwa chini, zisimamishe kwenye sahani yenye maji. Ndani ya kila kikombe weka myeyusho wa sukari wa ujazo sawa, choma pini pale usawa wake ulipo. Ile mbichi, usawa unapanda unaipita pini. Ile ya kuchemsha haipandi, kwa sababu moto umeua utando na sukari inavuja kwenda sahanini. Mwanafunzi akiona hivyo ameelewa kwamba kinachofanya kazi ni utando ulio hai.

Lakini tahadhari: walimu wengi wanatumia chumvi kavu badala ya myeyusho. Chumvi kavu italowa hata kwenye kiazi cha kuchemsha, maana kiazi cha kuchemsha kimejaa maji na chumvi inayeyuka kwa unyevu wowote inaougusa. Watoto wanaona maji kwenye vikombe vyote viwili, wanachanganyikiwa, mwalimu anakasirika.

Na jambo hili ni la zamani. Nollet, Mfaransa, aliliona mwaka 1748: alifunga chombo cha pombe kwa kibofu cha nguruwe akakizamisha kwenye maji, kibofu kikatuna mpaka karibu kupasuka. Kibofu cha mbuzi kutoka machinjioni kinafaa vilevile, na hakitamsumbua mwanafunzi yeyote kwa imani yake.

#20 MdauNyegezi
Shikamoo mwalimu. Hiyo ya chumvi kavu imenikumbusha darasa letu, vikombe vyote vililowa na tukaambiwa tuandike kimoja tu kimelowa.

#21 BintiFomuFoo
Mimi ni mwanafunzi. Sisi tulifundishwa utando ni kama chujio la chai: maji yanapita kwa kuwa ni madogo, sukari inabaki kwa kuwa ni kubwa. Ni sawa?

#22 KemiaMtaani
Kwa kuanzia ni sawa, ila litakukwamisha kwenye chumvi. Ayoni ya sodiamu, moja ya zile chembe mbili chumvi inapogawanyika, ni ndogo sana, kwa chujio la kawaida ingepita. Inazuiwa kwa sababu ina chaji na imezungukwa na maji, wakati katikati ya utando ni mafuta. Na maji yenyewe mengi yanapita kwenye milango maalumu ya protini inayoitwa akwaporini. Peter Agre wa Marekani alipata Nobeli ya kemia mwaka 2003 kwa kuigundua. Jambo jingine: maji hayaendi upande mmoja tu. Yanaingia na kutoka muda wote, ila upande mmoja yanapita mengi zaidi.

#23 BintiFomuFoo
Asante kaka. Kwa hiyo hata kile kipande kilicholegea, maji yalikuwa bado yanaingia?

#24 KemiaMtaani
Ndiyo, na yalikuwa yanatoka mengi zaidi.

#25 MvuviUkerewe
Naomba kuuliza la ziwani. Kama maji yanakwenda kwenye chumvi, na damu ya samaki ina chumvi, na ziwa letu ni maji baridi, mbona sato havimbi akapasuka? Anakaa humo maisha yake yote.

#26 MwalimuMkongwe (Musoma)
Swali hili ningelipa kipindi kizima. Maji yanamwingia kweli, hasa kupitia mashavu. Figo zake zinafanya kazi bila kupumzika kuyatoa, anakojoa mkojo mwingi mwepesi. Chumvi inayopotea anairudisha kwa mashavu hayohayo, yanainyonya kutoka ziwani, na nyingine anaipata kwenye chakula. Samaki wa bahari mambo yake ni kinyume: maji yanamtoka, kwa hiyo anakunywa maji ya bahari na kutoa chumvi iliyozidi.

#27 MvuviUkerewe
Nimeelewa. Mwalimu Ziwani, Alhamisi chukua na maji ya ziwa, watoto walinganishe na ya bomba.

#28 NesiUsiku
Hapo naomba nisimame. Msiwatume watoto kuchota ziwani kwenye magugu na konokono. Kichocho kinaingia kwa ngozi tu, mtoto hahitaji kunywa. Na ukanda huu wetu unacho kwa wingi. Kama maji ya ziwa ni ya lazima, mtu mzima ayachote kutoka kwenye mtumbwi mbali na ufukwe na yachemshwe, yapoe. Hata hivyo sioni faida: Victoria ni maji baridi yenye chumvichumvi kidogo sana, kiazi kitavimba kama kwenye ya bomba.

#29 BabaPacha
Nesi, tukiwa hapo kwenye ngozi. Vidole kukunjamana ukifua muda mrefu, si ndiyo osmosisi? Tulifundishwa hivyo.

#30 NesiUsiku
Wengi tulifundishwa hivyo. Lakini tangu miaka ya 1930 madaktari waliona kwamba kidole ambacho neva yake imekatika hakikunjamani hata ukikiloweka. Ingekuwa ni maji kuingia tu, neva isingehusika. Kinachotokea ni mishipa midogo ya damu kusinyaa kwa amri ya neva, na ngozi inavutwa chini.

#31 MamaKayabo
Mimi vidole vyangu kwenye maji ya chumvi vinachelewa kukunjamana kuliko kwenye maji matupu. Chumvi haina mkono wake hapo?

#32 NesiUsiku
Mama unatubana leo. Inawezekana maji yanayoingia kwenye ngozi ya juu ndiyo yanayoiamsha neva, na chumvi inayapunguza. Kwa hiyo osmosisi inaweza kuwa mwanzo na neva ikamalizia. Ninachokataa ni kuiweka kwenye mtihani kama mfano safi.

#33 BabaPacha
Na ORS? Tunasema chumvi inavuta maji kutoka mwilini, halafu mtoto anaharisha tunampa chumvi. Mke wangu aliniuliza nikakosa jibu.

#34 NesiUsiku
ORS ina sukari ya glukosi na chumvi kwa kipimo maalumu. Kwenye ukuta wa utumbo kuna protini inayobeba glukosi na sodiamu kwa pamoja kuviingiza ndani, na maji yanavifuata. Shirika la Afya Duniani lilipunguza makali ya mchanganyiko huo mwaka 2002, kwa sababu ulio mwepesi zaidi unafanya kazi vizuri zaidi. Ndiyo maana pakiti ya lita moja lazima iingie kwenye lita moja kamili. Ukiichanganya kwenye nusu lita ukidhani unaiongezea nguvu, unaweza kumzidishia mtoto hali mbaya. Mwambie shemeji swali lake lilikuwa la msingi.

#35 MwalimuZiwani
Wakuu asanteni, nimeandika kila kitu. Alhamisi nimepanga hivi. Viazi vyote kutoka fungu moja, na kimoja kikuukuu pembeni kwa ajili ya hoja ya @NgoshaMagu. Chumvi tunaitwanga kwanza kwa ajili ya @FundiRula. Tunaandaa myeyusho wa gramu 0, 4, 9, 20 na 50 kwa lita, kila kikundi kimoja, na mabinti wa dirishani wanarudia kipimo chao kilekile. Vipande vinakaushwa kwa kitambaa kabla ya kupimwa, halafu tunachora grafu tuone inakata sifuri wapi, yaani pale kiazi hakiongezeki wala hakipungui. Tatizo ni mizani. Ya dukani haisomi chini ya gramu 5.

#36 NgoshaMagu
Tafuta mizani ya wanunuzi wa dhahabu, inasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Nina ndugu Geita anayo ndogo, inaingia mfukoni. Naweza kumwomba, ila lazima irudi.

#37 FundiRula
Leo Ngosha kageuka mfadhili wa maabara. Na ukiwa na mizani, pima uzito uachane na urefu. Ubishi wangu wa rula nitaufunga mwenyewe.

#38 KemiaMtaani
Mwalimu, ongeza na kiazi kikuukuu kwenye ile ya gramu 50. Kikilegea, Ngosha anapunguza sauti. Kikikakamaa, mimi ndiye ninayepunguza. Ila nakuonya, kwenye maji yenye chumvi kali sana, zaidi ya hiyo, kipande kinaweza kuelea na nusu yake ikabaki hewani. Kigeuzegeuze.

#39 NgoshaMagu
Kuukuu kiwe kuukuu kweli, siyo cha juzi.

#40 BabaPacha
Mke wangu kasoma #34 na ana swali jingine. Maharage makavu tukiyaloweka usiku yanavimba mara mbili. Hayo nayo ni osmosisi?

#41 BintiFomuFoo
Ndiyo, maji yanaingia kwenye seli.

#42 MwalimuMkongwe (Musoma)
Hapana binti, siyo kwa mwanzo. Mbegu kavu inanyonya maji kwa wanga na protini zake. Mbegu iliyokufa nayo inavimba vilevile. Osmosisi inakuja baadaye, seli zikishaamka.

#43 NgoshaMagu
Mwalimu kwa heshima, maharage yaliyobunguliwa yananyonya haraka kuliko mazima, na hayo mengi yameshakufa.

#44 KemiaMtaani
Ganda limetobolewa, maji yana njia. Halisemi chochote kuhusu kufa.

#45 NgoshaMagu
Basi tutoboe mazima kwa sindano tuone kama yatakimbizana na yaliyobunguliwa. Nina debe zima la yaliyobunguliwa hapa, nani anataka?